Wauza chambo, mnatuuzia vibua vilivyooza kwa bei ya kitoweo!

Wakuu, hili siwezi kulinyamazia. Jumamosi nimechukua vibua vya chambo kwa jamaa mmoja huku Kunduchi, Dar. Vya kwenye friza, bei ileile ya vibua vya kupika, na kiapo juu: "Vimeingia barafuni jana usiku, kaka, vilikuwa bado vinarukaruka."

Tunafika nje ya kisiwa cha Mbudya barafu imeyeyuka, ndipo naona niliyouziwa. Macho yamedidimia, matumbo yamepasuka, ukibonyeza kidole shimo linabaki palepale. Nikakata mnofu, nikapitisha ndoana kwenye ngozi vizuri, nikashusha. Chubwi, ule uzito wa kuzamishia mshipi, haijagusa chini, nyama imeshaachia yote. Napandisha mshipi, kwenye ndoana kuna ngozi tupu.

Kibua tunakipendea mafuta na damu yake. Mkondo unabeba ile harufu, changu na chewa wanaifuata mpaka kwenye ndoana. Sasa samaki wa mafuta ndiye anayewahi kuharibika, tena akiachwa na utumbo wake juani ndio kabisa. Ukimyeyusha ukamgandisha tena, nyama inalegea na utamu wote unaishia kwenye ndoo. Na hapo boti nimeshalipia, petroli nimeshatia, nahodha anadai chake.

Nampigia simu, ananijibu, "Hicho si chambo tu? Samaki hachagui." Hachagui! Ngalawa ya pembeni yetu ina ngisi wabichi, wanapandisha changu mfululizo, sisi tunaangaliana tu na mishipi mikononi.

Mchezo wenyewe unajulikana. Mbalamwezi ikikolea boti zinazovua usiku kwa taa zinakosa mzigo, vibua vinaadimika, wanafukua vya chini ya friza. Sawa, ni biashara. Basi niambie ni vya zamani na ushushe bei. Nitavitia chumvi usiku kucha vikaze, nitavifunga kwa uzi wa kushonea, vilivyolegea kabisa nitavisaga nimwage majini kuita samaki. Kwani nani angelalamika? Halafu huu mtindo wa kumkatalia mteja asifungue mfuko akaangalia mashavu umetoka wapi? Mama anayenunua samaki wa kukaanga anafunua kila mmoja na hakuna anayemfokea.

Mwenye kumjua muuzaji mkweli kuanzia Kunduchi hadi Mbweni aniwekee hapa. Jumapili natoka tena, na kwa yule jamaa sikanyagi.