Mrejesho: Tumeiaga PHP 7.4

Wakuu, niliuliza hapa kama maktaba yetu huria ya msimbo wa kutuma barua pepe iache kuhudumia PHP 7.4 (toleo la zamani la lugha ya kuandikia programu) na zilizotangulia. Tumeziacha, sasa ni 8.1 kwenda juu. Hiyo 7.4 haipati marekebisho ya usalama tangu Novemba 2022, tungeibeba mpaka lini?

Hofu ilikuwa mifumo ya watu kuzima ghafla. Kumbe Composer, zana ya kupakua maktaba za PHP, inasoma mstari wa "php": ">=8.1" (yaani 8.1 au zaidi), na aliye nyuma anabakizwa kwenye toleo letu la mwisho linalomfaa. Hata hivyo tumepandisha namba kuu ya toleo la maktaba, ishara ya badiliko kubwa, mambo ya kimyakimya sitaki.

Raha ni kufuta msimbo wa zamani! Vile vi-strpos (amri ya kutafuta mahali neno lilipo kwenye maandishi) vya kukagua vichwa vya ujumbe vimekuwa str_contains, inayojibu tu kama neno lipo. Tawi la zamani la maktaba litapata viraka vya usalama tu.