Mtihani wa ualimu, somo la Jamii: walimu wa Lamu na Malindi, tupeane uzoefu

Binti Langoni: Asalaam aleikum walimu wenzangu. Mtihani wa diploma ya ualimu wa KNEC (Baraza la Mitihani la Kenya) umekaribia, na somo la Jamii ndilo linaloninyima usingizi, hasa historia na ramani. Mliopita humo mlisomaje? Msinambie "soma kwa bidii", hiyo naijua.

Mwana Maji, Malindi: Dada, mimi niliacha kukimbizana na miaka, nikaandama sababu. Nguzo ya Vasco da Gama twaipita kila siku, lakini mtahini hataki kujua iko wapi. Atauliza kwa nini Malindi ilimkaribisha Mreno huyo 1498 na Mombasa ikamfukuza. Miji hiyo ilikuwa mahasimu wa biashara, na mfalme wa Malindi alitafuta wa kumuunga mkono. Ukishalijua hilo, mengine yajileta yenyewe. Jioni nilikuwa nikimsimulia mjomba wangu akishona nyavu, na nikikosea upepo ananikatiza hapo hapo: "Mwezi wa nne kaskazi imekwisha, kusi ndiyo yaingia!" Na kweli, da Gama aling'oa nanga Aprili na rubani aliyepewa Malindi, Mei akawa Calicut, India. Kisha matokeo: 1593 Wareno wakaanza Ngome ya Yesu, wakahamia Mombasa, Malindi ikadorora. Sababu, tukio, matokeo. Alama ziko hapo.

Mama Wawili: Mie na watoto wadogo, nilisoma baada ya swala ya alfajiri tu. Usiku ni kujidanganya. Na karatasi za zamani za P1, kile cheti cha ualimu wa msingi cha kabla ya diploma, ziangalieni kwa hadhari: historia ni ile ile, lakini mbinu za kufundisha sasa zafuata mtaala wa umilisi.

Maalim wa Shela: Kwenye ramani, tafuta uzi wa kushonea kofia. Ulaze juu ya barabara au mkondo, ufuate kila kona kwa ncha ya penseli, kisha unyooshe kwenye rula. Ramani ya 1:50,000, sentimita 2 ni kilomita 1. Uzi ukitoka sentimita 13, andika kilomita 6.5. Wengi hupima moja kwa moja kama kunguru arukavyo, halafu wanamlaumu msahihishaji.

Mwana Maji, Malindi: Maalim, uzi wa kofia! Sisi twatumia mshipi wa kuvulia.

Maalim wa Shela: Mshipi wateleza, bwana.

Binti Langoni: Shukran sana. Na hesabu za saa na longitudo, Maalim?

Maalim wa Shela: Kila digrii ni dakika 4, na mashariki ya Greenwich, penye digrii 0, unajumlisha. Lamu ichukue digrii 41: mara 4 ni dakika 164, yaani saa 2 na dakika 44. Greenwich ikiwa saa sita mchana, kwa jua la Lamu ni saa nane na dakika 44. Saa ya ukutani itakwambia saa tisa, kwa kuwa Kenya nzima yafuata digrii 45. Swali likisema "saa za mahali", usiandike tisa.