AC ya kupasha joto chumba cha mama Njombe: naombeni ushauri

Binti wa Lupembe
Kamwene wakuu. Mama yangu ana miaka 71, yuko Njombe mjini, na baridi ya Juni hii imemkamata magoti vibaya. Usiku anaingiza jiko la mkaa chumbani, anafunga mlango. Nimemsihi hadi nimechoka. Nilimpelekea hita ya koili ya wati 2,000, LUKU ikakimbia mpaka akaizima mwenyewe. Sasa nasikia kuna AC zinazotoa joto. Ni kweli, au ni maneno ya wauzaji? Na haitakula umeme kuliko hita? Chumba ni mita 4 kwa 4, tofali za kuchoma, bati bila dari.

Fundi Baridi
Dada, kwanza kabisa jiko litoke chumbani usiku huu huu. Kaboni monoksidi haina rangi wala harufu. Mtu analala, haamki.

AC ya joto ipo kweli. Hita ya koili inageuza umeme kuwa joto: yuniti 1 ikiingia, joto la yuniti 1 linatoka, basi. AC yenyewe inahamisha joto lililopo tayari. Ukiweka alama ya jua kwenye rimoti, vali ya njia nne inageuza mzunguko wa gesi. Boksi la nje linavuta joto kutoka hewani, la ndani linalimwaga chumbani. Hata hewa ya nyuzi 6 ina joto la kuvuta. Gesi hiyo, mfano R32, kwa mgandamizo wa kawaida, huchemka kwenye nyuzi 52 chini ya sifuri, kwa hiyo usiku wa Njombe kwake ni joto tosha.

Kwa baridi ya huko, yuniti 1 ya umeme inakuletea joto la yuniti 3 hivi. Hita yako kwa saa 5 ni yuniti 10, karibu shilingi 3,500. Joto hilo hilo kwa AC ni yuniti 3 na kitu.

Ila angalia sana: AC nyingi zinazouzwa kwetu ni za baridi tu, hazina hiyo vali. Dai uoneshwe rimoti yenye alama ya jua, na kibandiko kinachotaja uwezo wa kupasha joto. Chukua AC ya inverter (inayopunguza na kuongeza kasi yake yenyewe) ya BTU 9,000, yaani kipimo cha nguvu ya AC. Na fundi asiyekuja na vakyumu pampu ya kutoa hewa kwenye mabomba, mrudishe alikotoka.

Mzee wa Uwemba
Mimi napinga kuanza na AC. Bila dari utapasha joto bati na ndege wa angani. Piga dari, ziba upenyo wa chini ya mlango na juu ya ukuta, ndipo ununue. Nilipopiga dari kwangu, blanketi moja lilipungua hata kabla ya kifaa chochote.

Fundi Baridi
Mzee kasema kweli, naunga mkono. Dari kwanza.

Mkazi wa Trondheim
Niko Norway, huku ni kifaa cha kawaida majumbani na kinafanya kazi hata nyuzi 15 chini ya sifuri, ingawa faida inapungua kadiri baridi inavyozidi. Mwambie mama mambo haya mapema. Mapezi ya kuelekeza hewa kwenye boksi la ndani yaelekee chini, maana hewa ya moto hupanda. Aiache kwenye nyuzi 20, asipandishe hadi 30 akidhani itawahi. Asitumie "auto", inaweza kuanza kupoza. Na siku boksi la nje likishika barafu, mashine itasimama dakika chache na kutoa mvuke nje. Inayeyusha barafu, haijaharibika. Mama yangu mdogo alipokuja kunitembelea alichomoa plagi akidhani inaungua.

Filta zioshwe kila baada ya wiki chache. Vumbi likijaa, joto linapungua na umeme unapanda.

Binti wa Lupembe
Asanteni sana. Na umeme ukikatika?

Mzee wa Uwemba
Blanketi zito na chupa ya maji ya moto miguuni. Jiko libaki jikoni.

Fundi Baridi
Na weka kilinda umeme. Umeme ukirudi ghafla AC isiwake papo hapo, kompresa (pampu ya gesi) ipumzike dakika chache.

Binti wa Lupembe
Nimeongea na mama sasa hivi. Kakubali jiko litoke, kwa sharti kwamba mjukuu alale naye mpaka dari lipigwe. Fundi seremala anakuja Jumamosi kupima. Nikifika dukani nitaweka hapa picha ya rimoti kabla sijalipa, mniambie kama ni yenyewe.