Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu Mkwawa: kinalea walimu au kinatoa wahitimu tu?

Mjomba wa Makambako
Wanajukwaa, salaam. Mpwa wangu amemaliza kidato cha sita, mchepuo wa CBG (Kemia, Biolojia na Jiografia), na amechaguliwa kusomea Sayansi na Elimu pale Mkwawa, Iringa. Mimi nilipafahamu pale enzi za shule ya sekondari, kabla hapajawa chuo cha ualimu. Naomba wanaopajua wanieleze: katika kukua kwake kote huko, chuo kimebaki na maadili ya ualimu, au binti atarudi na cheti tu?

Mhitimu wa Kemia
Shikamoo mjomba. Ili kukielewa chuo hiki, ni vyema kukumbuka njaa iliyokizaa. MMEM, yaani Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, ilipoanza mwaka 2002, ada ikiwa imefutwa, shule za msingi zilifurika; MMES, mpango kama huo wa elimu ya sekondari, ikafuata mwaka 2004, shule za sekondari za kata zikaota kila kona, na walimu hawakuwapo. Wengi tunawakumbuka wale vijana wa kidato cha sita waliopewa mafunzo ya wiki chache wakaingizwa darasani, ambao mtaani waliitwa "voda fasta". Ndipo mwaka 2005 Mkwawa na Chang'ombe, vilivyokuwa vyuo vya ualimu, vikafanywa vyuo vikuu vishiriki vya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kwa maoni yangu, kukua kwa haraka namna ile kulikuwa na gharama yake, kwa sababu katika ukumbi uliojaa mhadhiri hawezi kumjua kila mwanafunzi. Hata hivyo, kemia tuliisoma kwa wanakemia na mbinu za kufundisha kwa wanaelimu, kwa hiyo hakuna aliyeruhusiwa kujificha nyuma ya upande mmoja.

Mwalimu wa Taaluma
Mimi hupima chuo wakati wa mazoezi ya kufundisha. Mwaka mmoja tulimpokea mwalimu tarajali kutoka Mkwawa, akakuta maabara yetu ina bureti (mirija ya kupimia vimiminika) mbili kwa wanafunzi zaidi ya hamsini. Hakulalamika, alikwenda duka la dawa akanunua bomba za sindano, akaondoa sindano zenyewe, na siku ya zoezi la asidi na besi kila kikundi kilikuwa na kifaa cha kupimia. Andalio lake la somo lilikuwa na makosa, nami nilimrudishia mara mbili, lakini kufikia wiki ya pili alikuwa akiwaita wanafunzi kwa majina, jambo ambalo baadhi yetu wenye miaka kumi kazini hatuliwezi. Kwa upande mwingine, nimewahi kumpokea kijana wa chuo kingine, ambacho sitakitaja, ambaye msimamizi wake alijaza fomu ya tathmini akiwa amekaa ofisini kwangu, bila kuingia darasani hata dakika moja. Kwa hiyo, mzee wangu, mwambie binti asimkimbie msimamizi anayekaa dawati la nyuma kipindi kizima, kwani huyo ndiye anayemfundisha kazi.

Mjomba wa Makambako
Marahaba mwanangu Mhitimu, na ahsante sana Mwalimu. Habari ya bomba za sindano nimemsomea mwenyewe; amecheka, kisha akauliza kama dukani huuzwa moja moja au kwa boksi.

Mwalimu wa Taaluma
Huuzwa moja moja. Achukue za mililita kumi, na asisahau sweta.