Sensa 38 kitalu nyumba Tengeru, zinazosajiliwa kwenye ruta hazizidi 16. Tatizo nini?

NgarenaroNodi: Wakuu, habari za jioni. Kitalu nyumba cha nyanya, Tengeru, sensa 38 za unyevu wa udongo. Redio ni 802.15.4 (ya nguvu ndogo), juu yake 6LoWPAN (IPv6 kwa vifaa vidogo), programu RIOT (mfumo endeshi wa vifaa hivyo). Ruta ya mpakani (inayounganisha sensa na mtandao wa nje) ni bodi iliyochomekwa USB kwenye Raspberry Pi, ipo stoo. Sensa kama 16 zinapokelewa, zilizobaki zinaomba ruta bila kukoma. Nikizima zote na kuwasha, zinazopita ni nyingine kabisa. Antena nimesogeza, nguvu ya redio nimepandisha, wapi!

La pili: umeme ukikatika na kurudi, vipimo vinakuja vizuri ila amri ninayotuma haifiki kwenye sensa, wakati mwingine zaidi ya saa nzima. Muda wa usajili nimeweka 120. Naombeni ushauri.

mzee_wa_pakiti: Mkuu, antena iache. Ingekuwa umbali, zingekwama zilezile kila siku. Hapa anayewahi ndiye anayepata nafasi.

Sensa ikiwaka hutuma RS (ombi la kutafuta ruta), ruta hujibu kwa RA (tangazo lake) yenye kiambishi, yaani sehemu ya mwanzo ya anwani. Ruta za namna hii hazitangazi RA kila mara, zinasubiri kuulizwa, ili betri za watu zipone. Sensa ikishajitengenezea anwani huirudisha kwa ruta isajiliwe: ujumbe wa NS (ulizo kwa jirani) wenye kipengele cha ARO (ombi la kusajili anwani). Jibu ni NA (jibu la jirani), na ndani yake kuna namba ya hali. 0 umepokelewa, 1 anwani hiyo ina mwenyewe, 2 jedwali la majirani limejaa. Ikipewa 2, sensa huifuta ruta hiyo na kujaribu nyingine. Isipokuwepo, inarudi kwenye RS. Ndiyo huko kuzunguka unakokuona.

Usiniamini, nusa pakiti zinazopita hewani. Bodi moja ya ziada, Wireshark (programu ya kusoma pakiti), kichujio `icmpv6.type == 136`. Tafuta kipengele namba 33, soma baiti yake ya tatu. Ukikuta 2, fungua Makefile ya ruta uongeze ukubwa wa jedwali:

`CFLAGS += -DCONFIG_GNRC_IPV6_NIB_NUMOF=80`

Halafu `make clean`, kompaili upya, choma bodi. Nimesema 80 na si 38 kwa sababu sensa moja inaweza kula nafasi mbili, ya fe80 (anwani ya kuongea na jirani tu) na ya anwani yenye kiambishi. Kama bodi ina RAM ndogo, angalia ukubwa baada ya kukompaili kabla hujafurahi.

Kibo_Moshi: Kwa nini asiongeze ruta mbili ndani ya kitalu? Mzigo ungegawanyika.

mzee_wa_pakiti: Jedwali la majirani litagawanyika, kweli. Lakini ukiwasha ukaguzi wa anwani wa mtandao mzima, kila ruta inaiuliza ya mpakani kwa DAR (ulizo kama anwani ina mwenyewe) na kujibiwa kwa DAC (jibu lake), kwa hiyo ile ya mpakani bado inashika anwani zote 38. Nayo ikijaa, jibu ni lilelile 2. Aanze na jedwali.

Kibo_Moshi: Sawa mkuu. Kuhusu umeme: 120 yako si sekunde ndugu yangu, kipimo cha ARO ni sekunde 60. Umeweka saa mbili! Ruta ikizima inasahau wote. Vipimo vinapanda kwa sababu sensa bado inamjua ruta wake, na ruta hupitisha tu. Kushuka ndiko kugumu: ruta haina jina la sensa jedwalini, na mtandao huu hauiti anwani kwa kelele kama Ethernet. Amri inatupwa mpaka sensa ije kuhuisha usajili. Sensa zinaamka kila baada ya muda gani?

NgarenaroNodi: Dakika 5. Aibu, nilidhani sekunde.

Kibo_Moshi: Weka 20, ihuishe kila dakika 10. Ikikosa mara moja bado imo. Usishuke chini ya muda wa kulala, utakuwa unaifuta sensa ikiwa usingizini. Na namba ya toleo la ABRO (kipengele cha RA kinachobeba habari za ruta ya mpakani) ihifadhiwe kwenye flashi ya ruta ya mpakani. Ikirudi nyuma baada ya kuwaka, ukiongeza ruta baadaye zitakataa kiambishi kipya zikidhani ni habari za zamani.

NgarenaroNodi: Ilikuwa 2 kweli. Nimechoma upya, `nib neigh` (amri ya kuona jedwali la majirani) inaonyesha REGISTERED, ila sensa ni 37. Na kuna anwani moja inaleta unyevu asilimia 61, mara 34, mara 61. Kama ni anwani mbili kugongana, mbona sioni hali 1?

mzee_wa_pakiti: Bodi mbili zina EUI-64 (namba ya utambulisho ya redio) moja. Hali 1 inatoka pale anwani ileile inapoletwa na EUI-64 tofauti. Zikifanana, ruta inaona ni mwenyewe kaja kuhuisha. Tazama kama EUI-64 imeandikwa kwa mkono ndani ya programu ukainakili bodi ya pili. Iondoe, acha bodi isome namba yake ya kiwandani, kisha zima zote mbili dakika 20 usajili wa zamani ufe ndipo uziwashe.