Naombeni ushauri: hii Winchester 1894 ni ya asili kweli?

Mpenda_Kale: Habari zenu wakuu. Kuna bunduki ya kuwindia nimeipenda mno, modeli ya Winchester 1894, mtutu wa pembe nane, kaliba (aina ya risasi inayotumia) .30 W.C.F. Muuzaji anasema ilitengenezwa 1898 na haijabadilishwa hata skurubu, na bei ameiweka kulingana na maneno hayo. Jana niliishika karibu nusu saa. Maandishi ya kwenye mtutu yanasomeka, ila kingo za herufi zimelainika kama sabuni iliyotumika. Mwanzo wa mtutu kuna muhuri mdogo wa umbo la yai wenye herufi WP. Kwenye mwili wa bunduki muhuri huo haupo. Fedha hii nimeidunduliza muda mrefu, naogopa kupigwa.

Fundi_Chuma: Mkuu, usilipe kwanza. WP ni muhuri wa majaribio ya kiwandani, na Winchester walianza kuugonga 1905. Bunduki iliyotoka 1898 haiwezi kuwa ilizaliwa nao. Mtutu unao, mwili hauna, maana yake mtutu huo umefungwa baadaye. Huenda ni mtutu halali wa kiwanda, lakini "hata skurubu" si kweli.

Bibi_Mkusanyaji: Na hizo herufi laini, mwanangu, ni msasa, kisha ikapakwa rangi upya. Irudie ukiwa na tochi, uhakikishe kwanza haina risasi, umulike kwa ubavuni. Mistari ya zile pembe nane inatakiwa iwe mikali na kunyooka mpaka mdomoni. Tazama pia matundu ya skurubu: yakibonyea kama kisahani, yamesuguliwa. Halafu pitisha ukucha toka kwenye mbao kwenda kwenye chuma. Kitako cha asili huwa kimeinuka kidogo kuliko chuma. Ukucha ukikwama kwenye chuma, mbao imepunguzwa.

Mpenda_Kale: Shikamoo bibi. Kwenye kitako ukucha ulikwama. Nilidhani ni uzee tu.

Fundi_Chuma: Uzee hauli mbao namna hiyo. Omba barua ya Cody Firearms Museum, makumbusho ya silaha huko Wyoming, Marekani. Wanatunza daftari za kiwanda, na za modeli ya 1894 zinafika hadi bunduki yenye namba 353,999. Utaambiwa ilitoka na mtutu wa duara au wa pembe nane, na kaliba gani. Yaliyofanyika baada ya hapo barua haisemi, hayo utayasoma kwenye chuma chenyewe.

Mpenda_Kale: Nimemwomba muuzaji namba kamili ya bunduki niagize barua. Kanijibu kuna mteja mwingine, niamue leo. Nimemwambia amuuzie huyo.