Mshipa wa fahamu umebanwa kwenye kiwiko: kufungulia tu au kuuhamisha?

FundiMagauni:
Habari wakuu. Mimi fundi cherehani, miaka 41, sasa ni miezi minane kidole cha mwisho na cha pete mkono wa kulia vina ganzi. Mwanzo ilikuwa usiku tu, naamka natikisa mkono inaisha, siku hizi haitoki mchana kutwa na mkasi unanichoropoka nikikata kitambaa. Nimepimwa kile kipimo cha kupitisha umeme, mshipa wa fahamu umebanwa kwenye kiwiko. Daktari anasema oparesheni na ziko mbili, ya kuufungulia tu pale ulipobanwa au kuutoa nyuma ya kiwiko wauhamishie mbele. Foleni ilikuwa ndefu nikatoka sijauliza kitu. Aliyepitia anisaidie, ulifanya ipi na ulikaa muda gani bila kazi? Nina watoto watatu wanakula kupitia hii cherehani.

SeremalaMoshi:
Pole sana mkuu. Mimi nilifunguliwa tu, mwaka juzi. Daktari alinikunja mkono akanikunjua huku kaweka kidole nyuma ya kiwiko anasikilizia kama mshipa unaruka juu ya mfupa, wangu haukuruka akasema hakuna haja ya kuuhamisha. Kamuulize hilo hilo. Alinieleza kwa wengi matokeo hayapishani sana ila ukihamishwa kidonda kinakuwa kikubwa na uwezekano wa kuingia wadudu unaongezeka.

Nyuzi nilitolewa siku ya 12, randa sikuishika wiki 6. Yale maumivu ya usiku yalikata wiki ileile ya kwanza, kilichonitesa ni ganzi maana nilidhani nitaamka imeisha, wapi! Fizio (mtaalamu wa mazoezi ya viungo) akaniambia mshipa ukishaumia unaota kama milimita 1 kwa siku, sasa chukua tepu yako upime toka kiwiko mpaka ncha ya kidole cha mwisho uone ni siku ngapi. Yangu ilichukua zaidi ya mwaka na pale kwenye ncha mpaka leo haijarudi yote. Sijutii hata kidogo, nyundo naishika.

Sista_wa_zamu:
Kaka pole. Niko wodi ya upasuaji, naomba ufanye kitu sasa hivi. Bana karatasi kati ya kidole gumba na ubavu wa kidole cha shahada, mwambie mtu aivute. Kama gumba linajikunja lenyewe ncha ili kuing'ang'ania, misuli imeshaanza kuchoka. Halafu tazama nyama ya kati ya gumba na shahada kwa nyuma ya mkono, linganisha na mkono wa pili. Ikiwa imebonyea usikae tena miezi unatafakari, maana oparesheni inazuia isiendelee lakini nyama iliyokwisha nyauka mara nyingi hairudi yote.

Wakati unasubiri, usiku zungushia taulo kwenye kiwiko ulifunge ili mkono usikunjike ukilala, na acha kuegemea kiwiko kwenye meza ya cherehani, simu weka spika. Wengine ambao haijafika mbali hupata nafuu kwa hayo tu. Na umepima sukari? Una baka lolote kwenye ngozi lisilosikia ukiligusa? Nauliza kwa sababu ukoma bado upo kwetu na hupenda sana mshipa huohuo wa kiwiko, dawa zake ni bure na huo hautibiwi kwa kisu peke yake. Usione aibu kuonyesha.

BodaMbezi:
Mimi wangu ulikuwa unaruka kila nikikunja mkono, napigwa shoti mpaka vidoleni, ndio maana ukahamishwa. Nilifungwa plasta wiki 2, pikipiki nimerudi kabisa mwezi wa tatu baada ya oparesheni. Jiandae na kovu, ngozi ya pembeni yake ilikuwa hata shati likigusa nahisi moto, nilifundishwa kuipapasa na kitambaa laini kila siku ikapoa taratibu. Ila mkuu weka akiba ya kula miezi miwili kabla hujaingia, mimi mwanzo nilijaribu kurudi mapema kisa marejesho na kiwiko kikavimba upya.

FundiMagauni:
Asanteni sana, Mungu awabariki. Dada nimefanya ya karatasi na mke wangu, gumba limejikunja kweli na nyama imebonyea, nilikuwa sijaiona kabisa. Baka sina, sukari sijawahi kupima. Jumatatu narudi kliniki asubuhi na mapema, swali la kuruka nimeliandika kwenye daftari la vipimo vya wateja nisije nikatoka tena sijauliza. Magauni ya harusi ya mwezi ujao nampa mwenzangu amalizie.